Sebule ya kijivu ilivyomhamishia mtoto jikoni

Wiki mbili kabla ya Krismasi, familia moja ya Kimara jijini Dar es Salaam ilitoa makochi yote kibarazani na kumwita fundi rangi. Baba wa nyumba alikuwa ameona picha kwenye simu: sebule yenye kuta za kijivu kilichokolea, karibu na rangi ya mkaa, kochi la ngozi ya kahawia, taa ya kusimama pembeni na mmea mmoja mkubwa kwenye chungu. Kuta za kwao zilikuwa za krimu, zimechoka, zina alama za vidole kuanzia mlangoni mpaka kwenye swichi. Mama alikubali. Fedha zilitoka kwenye mgao wake wa kikoba, ambao awali ulikuwa wa jokofu.

Wageni wa sikukuu walisifu. Shemeji mmoja alisema sebule imekuwa kama ya hoteli. Picha zikapigwa, zikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na siku nzima watu wakawa wanauliza jina la rangi.

Januari shule zikafunguliwa. Binti yao wa darasa la tatu, ambaye miaka yote alifanyia kazi za shule kwenye meza ya sebuleni, akaanza kukaa na daftari lake mlangoni pa jikoni, juu ya kigoda. Baba alidhani anakwepa kusimamiwa. Mama alidhani anafuata maongezi ya dada wa kazi. Alikemewa mara mbili arudi mezani. Akarudi, na baada ya dakika chache akaonekana tena jikoni. Siku ya tatu mama alimuuliza kwa upole, na mtoto akajibu kwa maneno matatu: "Mama, huku naona."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nje jua bado lipo, watoto wa jirani wanacheza mpira. Sebuleni taa ilikuwa imewashwa tangu saa tisa.

Usiku ule wazazi walizozana. "Baba watoto, hiyo ukutani ni pesa ya jokofu langu," alisema mama. Baba akasema rangi haina kosa, kosa ni la balbu. Fundi alipopigiwa simu alijitetea kwamba alipaka alichoambiwa. Wote watatu walikuwa na kipande cha ukweli, na vipande hivyo ni vizuri mzazi avijue kabla hajalipia ndoo.

Kijivu ni rangi ya majivu. Jina lenyewe linasema. Kile kilichokolea ni nyeusi iliyotiwa nyeupe kidogo na, karibu kila mara, tone la rangi nyingine. Viwanda vikubwa vya rangi huipa kila rangi namba ya kuonyesha inarudisha mwanga kiasi gani, kuanzia 0, yaani nyeusi kabisa, hadi 100, yaani nyeupe kabisa. Nyeupe nzuri ya ukutani hurudisha zaidi ya 80. Kijivu cha mkaa mara nyingi kiko kati ya 5 na 15.

Namba hizo zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana. Mwanga ukiingia dirishani hugonga ukuta, ukarudi, ukagonga ukuta mwingine, ukarudi tena. Hivyo ndivyo kona iliyo mbali na dirisha inavyopata mwanga wake. Kuta zote nne zikiwa krimu, mwanga huzunguka chumbani mara nyingi kabla haujaisha. Zote nne zikiwa mkaa, mwanga karibu wote unamezwa pale unapogonga mara ya kwanza. Dirisha linaonekana kali, lakini meza iliyo hatua tatu kutoka dirishani iko gizani.

Sebule za kwenye picha nyingi ziko Ulaya au Marekani. Zina madirisha marefu yanayokaribia dari, dari yenyewe iko juu na ni nyeupe, na mpiga picha amewasha taa tano na kuacha kamera ivute mwanga kwa muda mrefu. Kuna rangi zilizopata umaarufu kwa njia hiyo, kama Down Pipe ya kampuni ya Farrow & Ball ya Uingereza, au Kendall Charcoal ya Benjamin Moore ya Marekani. Watu huzipiga picha za skrini na kwenda nazo dukani Kariakoo, ambako muuzaji huchanganya kitu kinachofanana nazo. Kinachofanana chini ya taa ya duka, si lazima kifanane nyumbani.

Nyumba ya Kimara haina madirisha ya namna hiyo. Ina kibaraza chenye paa lililotoka nje mita moja na nusu, dirisha lenye nondo, wavu wa mbu, pazia jepesi na pazia zito, na mbele ya dirisha kuna ukuta wa jirani. Hakuna ubaya wowote katika hayo. Paa lile linazuia mvua na joto, na wavu unazuia malaria. Ila kila kimoja kinakata mwanga kidogo, na ukifika ukutani umeshabaki nusu ya nusu. Wazee wa Lamu na Unguja waliishi katika nyumba za kuta nene na vichochoro vyembamba, ambamo mwanga wa kutosha ni bahati, na ndani walipaka chokaa nyeupe. Hawakuwa hawajui rangi.

Jambo jingine ambalo picha na mafunzo ya mtandaoni hayalisemi ni jua. Washauri wa Ulaya hurudia kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi na kijivu ndani yake hugeuka bluu, wakati cha kusini kina mwanga wa joto. Kwao ni kweli, kwa sababu jua la mchana huko huwa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Hapa jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini mpaka Machi tena. Nairobi, iliyo jirani kabisa na Ikweta, hugawana mwaka karibu nusu kwa nusu. Mzazi wa Dar akifuata ushauri wa London kuhusu kaskazini na kusini atakuwa anapaka nyumba ya mtu mwingine.

Kwa nyumba za kwetu, swali lenye faida ni mashariki au magharibi. Dirisha la mashariki hupata jua asubuhi, na kwenye saa tano mwanga wake umekwisha kupoa. Dirisha la magharibi hukaa kivulini asubuhi, halafu alasiri hupokea jua la chini, la njano, linaloingia mpaka katikati ya chumba. Kijivu kilekile kitaonekana kama jiwe safi saa mbili asubuhi na kama lami saa kumi jioni.

Sebule ya Kimara inatazama mashariki. Fundi alimaliza mkono wa mwisho saa tatu asubuhi, jua likiwa linaingia moja kwa moja, na kila aliyesimama mlangoni alipenda alichokiona. Binti anarudi shule saa tisa alasiri. Jiko liko magharibi. Mtoto alikuwa amefanya hesabu ya mwanga kabla ya wazazi wake.

Baba naye alikuwa na haki kuhusu balbu, angalau kwa sehemu. Kwenye boksi la balbu huwa kuna namba yenye herufi K. Ile ya 2700 au 3000 hutoa mwanga wa njano kama wa balbu za zamani. 4000 iko katikati. 6500 ni ule mwanga mweupe unaoelekea bluu, na ndio unaojaa madukani kwa sababu watu huuona "una nguvu". Kijivu kilichochanganywa kwa nyeusi na nyeupe tupu, chini ya taa ya 6500, hugeuka bluu ya bati. Ndicho kilichotokea Kimara usiku. Rangi iliyoonekana ya kifahari kwenye simu ikawa na ubaridi wa chumba cha kuhifadhia samaki, na nyuso za watu zikapauka.

Hapo ndipo lile tone la rangi nyingine linapokuja. Vijivu karibu vyote vina rangi iliyojificha ndani: bluu, kijani, zambarau au kahawia. Kwenye kikadi kidogo cha duka haionekani. Ukutani, mita tatu kwa nne, inatoka yote. Njia rahisi ya kuifichua ni kuweka kikadi juu ya karatasi nyeupe ya kawaida, kisha kuweka vikadi vya vijivu vingine vitatu pembeni yake. Kimoja kitaonekana kina bluu, kingine kina kahawia, na macho yatashangaa yalikuwa wapi. Familia yenye samani za mninga, makochi ya kahawia au vigae vya rangi ya udongo hufurahia zaidi kijivu chenye kahawia ndani. Mninga mbele ya ukuta wa namna hiyo hung'aa kama umepakwa mafuta jana. Kijivu chenye bluu huhitaji vitu vyeupe, fedha na vigae vyeupe. Kikikutana na kochi la kahawia, vyote viwili huonekana vichafu.

Lakini kikadi hakitoshi. Kabla ya kununua ndoo, ni vizuri kununua kopo dogo kabisa ambalo duka litakubali kuchanganya, na kupaka mikono miwili kwenye kipande cha mbao nyembamba au boksi gumu, kikubwa kama gazeti lililofunguliwa, ukingo ukiachwa mweupe. Kupaka moja kwa moja ukutani hakusaidii sana, kwa sababu rangi ya zamani inayozunguka doa huidanganya macho, na doa lenyewe halihamishiki. Kipande kinahamishika. Kiegemezwe ukuta ulio mbali na dirisha, kisha ulio karibu, kitazamwe asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Kama wiki hiyo itanyesha mvua, hapo ndipo pa kutazama kwa makini.

Kipo na kipimo kingine, kisichohitaji duka. Mtoto akae mahali anapofanyia kazi za shule, saa kumi na moja jioni, taa ikiwa imezimwa, na asome sentensi aliyoiandika mwenyewe kwa penseli. Kama analeta uso karibu na daftari wakati kuta bado ni nyeupe, chumba hicho hakina akiba ya mwanga ya kutumia kwenye kijivu. (Kama anasogeza uso hata akiwa nje juani, hilo si suala la rangi, apelekwe akapimwe macho.) Mwanga hafifu hauharibu macho, lakini huyachosha, na mtoto aliyechoka macho huitwa mvivu kabla hajaulizwa.

Umeme ukikatika, hali inakuwa nzito zaidi. Taa moja ya sola mezani katika sebule ya krimu huwaangazia watu wote waliokaa. Katika sebule ya mkaa humwangazia aliyeishika.

Je, basi, kijivu kilichokolea kisipakwe? Hapana, kipakwe, ila kwa kuchagua ukuta. Makosa mengi hutokana na kupaka vyote vinne, na dari ikapakwa pia na fundi mwenye bidii. Ukuta unaotazamana na dirisha ndio unaopokea mwanga mwingi na kuurudisha chumbani. Huo uachwe mweupe au krimu. Ukuta wenye dirisha lenyewe ndio wenye giza kuliko vyote, na ukipakwa mkaa, mwanga wa dirisha utawachoma macho wanaoutazama. Zinabaki kuta mbili za pembeni, na mmoja wapo, hasa ule mfupi, ndio nyumba ya kijivu. Wengi hukiweka nyuma ya runinga, na kina faida pale: skrini ikizimwa haionekani kama shimo jeusi kwenye ukuta mweupe. Usiku iachwe taa moja inawaka, maana skrini kali mbele ya ukuta mweusi huumiza macho ya watoto wanaotazama katuni.

Wengine huogopa kwamba rangi nyeusi itaongeza joto ndani. Hofu hiyo inahusu zaidi ukuta wa nje unaopigwa na jua. Ukuta wa ndani usiofikiwa na jua hauna tofauti ya kuhisiwa.

Hesabu ya ukuta mmoja ni nyepesi pia kwa mfuko. Rangi ya maji ya kawaida hufunika takriban mita za mraba 10 kwa lita, mkono mmoja, kwenye ukuta laini. Kwenye lipu isiyopigwa skimingi hufunika pungufu. Ukuta wa mita 4 kwa urefu wa mita 2.7 una karibu mita za mraba 11. Mikono mitatu ni kama lita 3.3, yaani kopo moja la lita 4 na kinabaki cha kurekebishia. Sebule nzima ya mita 4 kwa 5, ukitoa mlango na madirisha, ina kama mita za mraba 42, na mikono mitatu inadai zaidi ya lita 12. Mikono mitatu si wizi wa fundi. Rangi zilizokolea huchanganywa kwenye msingi wenye nyeupe kidogo, na nyeupe ndiyo inayofunika. Mkono wa kwanza huonekana kama umefutwa na tambara. Fundi mzuri hutanguliza rangi ya kushikia iliyotiwa kijivu, na mbili za juu zikatosha.

Kama makopo ni zaidi ya moja, yamiminwe yote kwenye ndoo moja na kukorogwa pamoja kabla ya kuanza. Mashine ya duka ikikosea tone moja kati ya kopo na kopo, krimu itasamehe. Kijivu cha mkaa hakisamehi. Mstari utaonekana katikati ya ukuta na utaonekana mpaka siku ya kupaka upya.

Wenye watoto wadogo wana uamuzi mwingine, na huo hauna jibu safi. Rangi isiyong'aa huficha mawimbi ya lipu na ndiyo inayoonekana kwenye picha zote. Lakini mkono wenye mafuta ya chapati ukipita hapo huacha doa jeusi zaidi, na tambara la kulifuta huacha alama ya kung'aa isiyotoka. Rangi yenye mng'ao kidogo hufutika kwa maji na sabuni, ila kila bonde la lipu na kila alama ya mwiko itaonyeshwa na mwanga wa pembeni. Familia nyingi zenye watoto huridhika na mng'ao kidogo, na kabla ya hapo kumlipa fundi siku nzima ya skimingi na msasa. Chaki ndiyo adui wa wote wawili. Mtoto wa miaka mitatu akiona ukuta wa mkaa huona ubao wa shule, na ni vigumu kumlaumu.

Nyumba za Pwani zina lao: chumvi. Ukuta unaopanda unyevu kutoka chini hutoa ungaunga mweupe kwenye sentimita 30 au 50 za mwanzo. Kwenye krimu unga huo hauonekani mpaka rangi ianze kubanduka. Kwenye kijivu utaonekana wiki ya pili kama mtu amemwaga ngano. Unyevu utibiwe kwanza, na ukuta mpya upewe kama wiki nne za kukauka kabla ya rangi yoyote. Kwa wanaoishi kwenye vumbi jekundu, kama Dodoma, ukingo wa juu wa samani na wa sakafu karibu na ukuta huo utadai tambara kila siku.

Mpangaji aombe ruhusa kwa maandishi. Kurudisha ukuta wa mkaa kuwa mweupe ni kazi ya mikono mitatu au minne, na mwenye nyumba akiikata kwenye amana hatakuwa amekosea sana.

Lipo jambo moja ambalo halihusu uzuri kabisa. Kabla ya kupaka rangi mpya, mafundi hupiga msasa ya zamani. Kama ya zamani ni rangi ya mafuta ya miaka mingi, hasa ya milango, madirisha na ule mkanda wa chini uliopakwa rangi kali, inaweza kuwa na risasi, ile metali, si ya bunduki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na madhara yake kwenye ubongo hayarudi nyuma. Vumbi lake ni tamu, na mtoto anayetambaa hulibeba kwa vidole mpaka mdomoni. Siku ya msasa, watoto na mama mjamzito wasiwepo nyumbani. Ukuta ulowanishwe kabla ya kusuguliwa, sakafu ipigwe deki kwa maji mara mbili badala ya kufagiwa, na mapazia na midoli viwe vimetolewa mapema. Rangi mpya nayo inunuliwe iliyoandikwa kwamba haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni kisichozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni. Baada ya kupaka, madirisha yaachwe wazi siku mbili tatu kabla ya mtoto kulala humo.

Kimara hawakupaka upya mara moja. Kwa wiki mbili baba alijaribu balbu. Alinunua mbili za 4000, akaweka moja juu ya meza, na ule ubluu ukapungua kweli. Binti akarudi mezani usiku. Alasiri aliendelea kwenda jikoni, maana taa iliyowashwa saa tisa mchana haikumshawishi, na mama alikuwa anaitazama mita ya umeme.

Mwishoni mwa Januari fundi akarudi. Kuta tatu zilipigwa rangi ya kushikia mikono miwili na krimu nyepesi mikono miwili, na dari ikapewa nyeupe safi. Ukuta mfupi wa nyuma ya runinga ukaachwa na kijivu chake. Pazia zito lilishushwa likabaki jepesi. Shemeji yule wa hoteli alipokuja akasema sasa ndiyo imependeza, akasahau alisema nini Desemba.

Kulikuwa na kopo la kijivu lililobaki zaidi ya nusu. Kaka mkubwa, wa kidato cha tatu, akaliomba kwa ajili ya ukuta wa chumba chake, ule wa kichwani pa kitanda. Mama alisita. Alikuwa amesikia kwamba kijana anayetaka giza ana jambo moyoni, na alikaa naye kibarazani jioni moja akimdodosa bila kusema anadodosa. Kijana alikula vizuri, alilala vizuri, marafiki walikuja kama kawaida, matokeo hayakuwa yameshuka. Hivyo ndivyo vitu vya kutazama kwa mtoto wa umri huo, wala rangi peke yake haisemi kitu. Alichotaka, alisema mwisho, ni chumba ambacho taa ya barabarani haimwamshi na ambacho hakifanani na cha mdogo wake.

Akakubaliwa, kwa sharti apake mwenyewe. Alipaka Jumamosi nzima akiwa na fundi pembeni, akaharibu shati moja na foronya mbili. Ukuta wa kulalia haudai mwanga wa kusomea, na taa yake ya mezani ni ya njano, ya 2700. Usiku kijivu kile, ambacho sebuleni kilikuwa bati, kinaonekana cha kahawia na cha utulivu. Baba hupita pale mlangoni mara nyingi kuliko lazima. Ndiyo rangi aliyoiona kwenye simu.

Jokofu limesogezwa mpaka mgao wa Juni.